Bangili Moja ya Bi Rukia

Zuhura mwanangu,

Kama hina haijakauka, iache barua hii juu ya mto kwanza. Usimpe somo yako anayekufunda akusomee. Ni mwanamke mwema, lakini neno likimwingia sikioni halilali humo, na haya ninayoandika hayajui mtu yeyote ila mamako, ambaye ndiye atakayekuletea akiwa ameyaficha ndani ya kanga. Soma peke yako, na usome mpaka mwisho, kwa sababu mwishoni kuna jambo nakuomba ulifanye kesho kabla hujatoka.

Ningekuja mwenyewe. Lakini nani atamruhusu mwanamume kupita mlango wa shangazi yako leo, hata akiwa babake bibi harusi? Nilifika mpaka barazani baada ya adhuhuri. Nikasikia vigelegele, nikasikia na sauti yako unacheka, nikaingiwa na woga, nikarudi zangu dukani. Nimeuegesha mlango. Jua la alasiri linaingia mpaka kwenye fuawe, nami nakuandikia kwa herufi kubwa kama za mtoto anayeanza shule. Utaelewa kwa nini. Nadhani ulielewa zamani.

Mbele yangu ipo bangili ya Bi Rukia.

Mambo ya jiko, ya kufua, ya kumpokea mume anaporudi kazini, mamako na somo yako wamekwambia ya kutosha, na mengine najua wamezidisha. Huko sina langu. Kazi yangu ni dhahabu na mawe, na hata hizo nimegundua leo asubuhi kwamba sizijui kama nilivyokuwa nikijisifu. Basi niache nianze na siku ile walipoleta dhahabu yako, maana tangu siku hiyo mimi na wewe tumezungumza juu ya samaki, juu ya mvua, juu ya bei ya nazi, na hiyo hatujaigusa hata mara moja.

Walikuja kutoka Takaungu, wamevuka Kilifi kwa feri ya asubuhi: Salim mchumba wako, mamake, yaani Bi Rukia, mjomba wake Mzee Shee, na jamaa zao waliojaza baraza letu mpaka wengine wakasimama. Ada yetu unaijua. Dhahabu ya harusi haipokewi kwa maneno. Husuguliwa kwenye jiwe jeusi mbele ya pande zote mbili, ikatiwa tindikali, ikapimwa uzito kwa tola, na fundi akataja kwa sauti ni karati ngapi. Hakuna anayeona kuwa ni matusi, kwa sababu hufanyiwa kila mtu, mwenye nacho na asiye nacho. Mamako aliniambia jana yake, "Athmani, mwite fundi mwengine apime. Wewe kesho ni baba." Nikamjibu, "Fundi gani? Hao wote si nimewafunza mimi?" Nikajiona nimesema neno kubwa. Kosa langu la kwanza ni hilo, na lilitokea kabla bangili hazijafika.

Bi Rukia hakuzitoa kwenye kijaluba wala kwenye kitambaa. Alizivua mikononi mwake pale pale, moja mkono huu, moja mkono huu, kwa shida, maana zilikuwa zimekaa miaka na mikono imenenepa. Bangili nene, kazi ya zamani, hazina muhuri wa namba. Akasema, "Alinivika mamangu siku ya harusi yangu. Nami nampa mkaza mwanangu." Watu wakaitikia vizuri. Nikachukua moja, nikaipitisha nyuma ya pazia ulipokuwa umekaa ili uifute mafuta ya mwili, kama kawaida yetu mimi na wewe. Ukaifuta, ukanirudishia. Ulichelewa kidogo kuiachia, nikaivuta.

Nikaipiga tupa kidogo, nikaisugua kwenye jiwe, ukatoka mstari wa manjano. Pembeni yake nikavuta mstari mwengine kwa sindano yangu ya karati ishirini na mbili, ili watu walinganishe. Nikatia tindikali juu ya yote miwili. Mstari wa sindano ukakaa. Mstari wa bangili ukafifia, ukawa kama moshi, ukafutika. Hata Mzee Shee, ambaye kazi yake ni minazi, aliona kwa macho yake.

Nyuma ya pazia ukasema, "Baba."

Nikakwambia, "Nyamaza."

Kisha nikatamka, kwa ile sauti yangu ya dukani, "Karati kumi na nne. Haizidi."

Unajua kilichofuata, ulikuwa unasikia. Lakini hukuuona uso wa yule mama. Alisema, "Fundi, sema tena. Yaani mamangu alinivika shaba?"

"Sikusema shaba, Bi Rukia. Nimesema kumi na nne."

"Na tafauti yake ni ipi mbele za watu?"

Akaichukua ile bangili ambayo sikuigusa, akaivaa tena. Hii niliyoisugua akaiacha juu ya sahani ya mizani. "Baki nayo hiyo," akasema. "Mie sivai kitu kilichotukanwa." Wakaondoka na sahani za halua hazijaguswa. Salim alikuwa wa mwisho kutoka, ameinamisha kichwa utadhani ndiye aliyefumaniwa. Alirudi jioni peke yake, sijui aliwaaga vipi. Aliniamkia, nikamwitikia bila kumtazama. Akasema, "Mzee, dhahabu iwe ya karati ngapi, mimi nimemposa Zuhura. Sikuposa mizani." Siku ile nilimwona hana adabu. Leo namwona ndiye peke yake aliyekuwa na akili katika nyumba yangu, ukimtoa mamako.

Nikaha ikafungwa Ijumaa iliyopita, alhamdulillahi, lakini Bi Rukia hakuja. Na maneno aliyoyasema huko kwao yametufikia, ingawa mamako alijaribu kunificha: kwamba mkaza mwana atampokea kwa ajili ya mwanawe, lakini babake asije akakanyaga kizingiti chake, na huyo binti ajue ameingia kwa watu wanaovaa shaba. Kesho unakwenda kuishi kwa mwanamke ambaye babako amemfedhehesha mbele ya ukoo wake. Mtapika jiko moja. Kila akinyoosha mkono kuchukua chumvi utaiona bangili iliyobaki peke yake. Wewe humjui bado, lakini mimi nimeuona ule uso.

Sasa sikiliza ya leo.

Tangu juzi nilikuwa na mpango wangu, na nilijiona mwerevu. Nilisema nitaiyeyusha hii bangili, niisafishe, nitie na dhahabu yangu mwenyewe, nitengeneze mpya ya ishirini na mbili, yenye nakshi ya kikorosho, uende nayo kesho umkabidhi mavyaa wako kama zawadi. Atalainika, nikawaza. Nani asiyelainika kwa dhahabu? Basi leo mapema nikawasha mkaa. Nikaitia bangili ndani ya chungu cha kuyeyushia. Nikashika mvukuto, nikavuta mara ya kwanza, mkaa ukaanza kuwa mwekundu. Hapo nikakumbuka sijaipima uzito. Nikaitoa kwa koleo, ilikuwa haijashika moto bado, nikaishika mkononi, nikaipitisha ukucha. Si kwa sababu yoyote. Mikono ya fundi haikai bure.

Ukucha ukakwama mahali. Palikuwa na mshono mwembamba unaokata bangili kwa upana, na juu ya mshono huo huo, si pembeni yake, palikuwa na alama ya tupa yangu.

Hili nilikufunza ukiwa bado unavaa gauni la shule. Bangili ni fimbo ya dhahabu iliyokunjwa, na pale ncha mbili zinapokutana huungwa kwa lehemu. Lehemu lazima iyeyuke kabla ya bangili yenyewe, la sivyo kazi yote inaporomoka motoni, kwa hiyo hutengenezwa kwa dhahabu iliyochanganywa zaidi. Bangili ya ishirini na mbili huwa na mahali pamoja, pembamba kama uzi wa kushonea, ambapo ni kumi na nne au hata chini. Usisugue hapo. Ndilo neno la kwanza analoambiwa mwanafunzi anapokabidhiwa jiwe. Na si mahali pa kutafuta kwa taa. Rangi imepauka kidogo, mtu mwenye macho anapaona.

Mimi sikupaona.

Nikapiga tupa upande wa pili wa bangili, mbali na mshono. Nikasugua. Nikatoka na jiwe mpaka nje, juani, bila kofia, bila viatu, majirani wananitazama, nikatia tindikali. Mstari ukakaa. Nikaongeza tindikali. Mstari ukakaa vile vile, wa manjano, wala haukujali. Ishirini na mbili, mwanangu, na pengine na kitu juu yake. Bibi yake Salim hakumvika bintiye shaba. Nikarudi ndani nikakaa chini, penye vumbi, na mkaa unaendelea kuwaka. Lau ningeuvuta mvukuto mara chache tu zaidi, kisingebaki kitu cha kumrudishia yule mama, na mimi ningekufa nikiamini nilikuwa na haki. Hata kuuzima ule moto sikukumbuka. Mamako ndiye aliyekuja akaumwagia maji.

Aliitazama bangili mkononi mwangu, akanitazama mimi. Akasema, "Kumi na nne ni macho yako." Kisha akakaa chini pamoja nami.

Daktari aliyekuja kupima watu macho aliniambia kitambo kwamba ni mtoto wa jicho. La kulia limeshafunikwa nusu, la kushoto linafuata, na operesheni hufanywa Mombasa. Nilimwambia nitarudi kwake. Sikurudi. Naogopa kisu, Zuhura. Mtu aniguse jicho kwa kisu hali nimelala namwona? Na zaidi ya kisu niliogopa watu wasikie. Sonara asiyeona nani atampelekea mali yake? Nikaanza ule mchezo wetu. "Zuhura, ni ngapi hii?" Nawe ulikuwa ukija mbio kutoka jikoni na mikono ina unga, unainama kwenye mizani, unasema. Mwanzo nilikuwa nakupima kweli, nione kama umeshika mafunzo. Baadaye nilikuwa nakuuliza kwa sababu mimi mwenyewe sioni, na nikaendelea kujifanya nakupima.

Wamkumbuka yule Mtaliano mwenye nyumba kule ufukweni, aliyeleta mawe ya kijani yaliyochimbwa upande wa Taita? Mawe hayapimwi kama dhahabu, nilikwambia siku ile. Ukitaja karati ya dhahabu unasema usafi, katika mafungu ishirini na manne mangapi ni dhahabu yenyewe. Ukitaja karati ya jiwe unasema uzito, na uzito wenyewe ni mdogo hata huuhisi kiganjani, tano ndiyo gramu moja. Vile vipande vya kupimia ni vyepesi kama magamba ya samaki, ukipiga chafya umevipoteza. Ulivishika wewe kwa kibano kimoja kimoja. Ukaninong'oneza, "Moja na robo, Baba." Nami nikamwambia Mtaliano kwa sauti, "Moja na robo," kama kwamba nimesoma mimi. Alinipa mkono akanisifu. Wewe alikupita kama kiti. Nilipaswa kusema, "Msifu binti yangu." Nilitia ile sifa mfukoni nikaenda nayo.

Sasa nije kwenye kidole chako.

Siku ile uliponirudishia bangili kutoka nyuma ya pazia, uliishika kwa kidole gumba na cha shahada, na hukuiachia upesi. Nilidhani ni haya za mchumba. Leo nimeishika vile vile ulivyoishika, nimeigeuza huku na huku, nikakumbuka kwamba niliizungusha nusu duara kabla ya kupiga tupa, na nimeona. Vidole vyako vilikuwa mbali kabisa na mshono. Ulipoifuta uliiona lehemu, ukajua kwamba mimi sitaiona, ukanionyesha pa kusugua mbele ya watu wote bila mtu kujua. Nami nikakunyang'anya, nikaizungusha, nikaenda kuisugua papo hapo usipotaka. Kisha uliposema "Baba," nikakunyamazisha kama paka aliyeingia mbele ya wageni.

Ungeweza kusema zaidi. Neno moja tu, "Kwenye lehemu," na Salim angesafika, mamake angesafika, mimi ningekwisha. Ukanyamaza. Ukakubali mchumba wako aondoke kichwa chini. Ukakubali kwenda kuishi na kinyongo ambacho si chako. Na tangu siku ile hukunitupia hata jicho baya. Nimemuuliza mamako kwa nini. Anasema, "Kwa sababu akupenda." Mimi naogopa kwamba ni kwa sababu unaniogopa. Na nimekaa hapa tangu niliporudi nikitafuta ni lini nilikufunza kuniogopa.

Nadhani nimepaona. Ulikuwa mdogo, meno ya mbele ndiyo kwanza yameota upya. Zamani mafundi walipimia kwa mbegu za turituri, zile nyekundu zenye jicho jeusi, na mwalimu wangu aliniachia kikopo chake kama kumbukumbu. Nikatoka kidogo kwenda kuswali. Niliporudi nilikukuta umekaa chini ya meza, una sindano na uzi, umezitoboa mbegu zote na kutengeneza mkufu, na moja imo mdomoni unashikilia kwa meno. Nilikuzaba kofi mpaka ukaangusha mkufu. Nikakupigia kelele kwamba umeharibu vipimo vya mwalimu, kwamba mbegu iliyotobolewa haina tena uzito wake. Ulilia mpaka ukalala. Ukweli ni kwamba vile vipimo nilikuwa sivitumii. Mbegu ile ina sumu, mwanangu. Ikiwa nzima hupita tu, lakini ikitobolewa au ikitafunwa humuua mtoto. Nilikuangalia umelala mpaka alfajiri, nikikuwekea mkono puani nione kama unapumua. Lakini wewe hukuliona hilo. Ulichokiona ni kwamba babako anajali mizani yake kuliko wewe, na mimi sikukusahihisha. Niliona afadhali uniogope kwa ajili ya kazi kuliko ujue kwamba nimeogopa. Nimekuwa hivyo maisha yangu yote. Nikishikwa na woga navaa ukali, kisha nasingizia vipimo.

Ndiyo maana nakuomba, na hili silisemi kama mahubiri: huko unakokwenda usiwe na nyumba yenye neno "nyamaza." Si wewe kuambiwa, si wewe kuwaambia wanao. Ukimwona Salim anakosea, mwambie usoni, hata mbele ya mamake, hata kama atanuna siku mbili. Atanuna, ni mwanamume. Lakini usimwonyeshe kwa kidole nyuma ya pazia ukitegemea atajua. Mimi nimekufunza kusema kwa vidole, na mafunzo hayo nakuomba uyaache hapa Malindi.

Na usimtake awe dhahabu tupu. Nimeuza vitu miaka mingi na kila bibi harusi hutaka ishirini na nne, kisha nikamweleza kwamba hiyo haishiki umbo, ukiivaa wiki moja imeshapinda, lazima itiwe shaba kidogo ndiyo ikae mkononi. Basi, hapo nimeingia mahubirini kweli. Mamako angeniambia ningojee khutba.

Nikwambie na aibu ya mwisho. Nilipogundua kosa, jambo la kwanza lililonijia kichwani halikuwa kumwendea Bi Rukia. Nilitafuta uongo. Nikasema nitampelekea mtu ujumbe kimya kimya kwamba tindikali ya siku ile ilikuwa mbovu, imekaa sana kwenye chupa. Nilisimama hapa dukani nikajizoeza kwa sauti: "Bi Rukia, kumbe tindikali imeharibika." Ikatoka vizuri, hata mimi ningeamini. Mamako alikuwa mlangoni. "Hata tindikali waisingizia?" akasema. "Yakukosea nini tindikali, masikini?" Nikacheka, na nikicheka nikajua kwamba nimeshindwa. Hata sasa ninapoandika bado ipo sauti inayoniambia kwamba bado kuna nafasi, kwamba binti ataondoka, watu watasahau, yule mama atavaa bangili moja kisha ataizoea. Naisikia vizuri sana sauti hiyo. Ni ile ya dukani.

Nikisema kesho, sitashika tena mali ya mtu. Kufika Jumamosi watajua mpaka Mambrui. Wale walionunua kwangu watachukua bangili zao kuzipima upya kwengine, na pengine wengine nitakuwa nimewakosea pia, sijui, na kutojua huko ndiko kunakonitisha zaidi. Wafanye hivyo. Nimemwambia mamako harusi ikipita atanipeleka Mombasa kwa huyo daktari wa kisu. Anishike mkono tu nisikimbie.

Sasa hili ninalokuomba.

Kesho mamako atakurudisha nyumbani asubuhi, nao watafika kabla ya adhuhuri. Salim ameleta habari kwamba mamake atakuja kwa ajili ya heshima ya mwanawe, lakini hatashuka kwenye gari. Asiposhuka, mimi nitamwendea. Nitasimama kwenye kioo cha gari, mtaa mzima unatazama, nimwombe aingie hata kwa dakika chache, na akinitukana nitaitikia. Akiingia, nitamwomba Mzee Shee awaketishe wale wale waliokuwepo siku ile. Nitaweka jiwe, sindano na chupa juu ya meza ile ile, na nitasema niliyoyaandika hapa, kwamba bangili haikuwa na kosa na macho yangu ndiyo mabovu, bila ya kuitaja tindikali. Baada ya hapo jiwe hilo ni lako. Litaingia sandukuni mwako liende Takaungu, kwa sababu kuna mtu mmoja tu katika nyumba hii anayejua kulitumia.

Lakini maneno hayatamtosha. Mstari ulifutika mbele ya macho yao, na lazima waone mstari unaokaa. Kwa hiyo nitaipitisha bangili nyuma ya pazia. Najua bibi harusi hashiki kazi siku hiyo, na somo yako atapiga kelele kwamba unaharibu hina. Mwache apige. Ifute kama siku ile. Kisha unyooshe mkono wako nje ya pazia wauone wote, uishike bangili kama ulivyoishika, kidole pale pale. Nitakuuliza kwa sauti, Bi Rukia akisikia, "Zuhura, mimi sioni. Nisugue wapi?"

Nijibu kwa sauti, mwanangu. Safari hii sitaivuta mpaka uiachie wewe.

Anayekuombea heri huko uendako na msamaha hapa unapotoka,
babako, Athmani